Majani ya Bata na Gunia la Mzee Nalinga

Kariakoo, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Zuhura,

Barua ya heshima huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda Magomeni kumuaga shangazi yako, umevaa viatu vipya vinavyokubana na hutaki kukubali kwamba vinakubana. Begi lako liko kitandani, nimelifunga kwa kamba ya katani kwa sababu zipu yake haiaminiki. Kesho alfajiri basi la kusini linakuchukua. Nimeketi uani kwenye kibao cha mbuzi, bata wananizunguka, na nina saa mbili tatu kabla hujarudi. Nataka barua hii iwe imekwisha na imeingia ndani ya begi kabla ya adhana ya Magharibi. Nikiiacha mpaka usiku najijua, nitaichana.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala chandarua, wala namna ya kukaa na watu ugenini. Hayo nimekusemesha mwezi mzima mpaka umeanza kuitikia kabla sijamaliza kusema. Nakuandikia jambo moja ambalo sijakuambia kwa miaka kumi na moja.

Jumatatu ulikuwa barazani na wenzako. Wakakuuliza serikali imekupangia wapi, nawe ukajibu, "Masasi. Naenda kuwa Bibi Shamba kwa watu wa utupa. Mkiona kimya mwezi mzima, mjue nimeshanyweshwa." Wakacheka wote, na wewe ukacheka. Mimi nilikuwa ndani karibu na dirisha nachambua mchele. Nikaacha kuchambua, nikakaa na ungo mapajani mpaka mlipoondoka. Utupa unaujua, ule mti ambao kule kusini watu hutwanga majani yake wakayatia mtoni, samaki wakalewa na kuelea. Hukuusoma chuoni tu. Uliusikia ukiwa na miaka tisa, kwenye mkutano, umeshika pindo la khanga yangu. Na aliyeliacha neno hilo likae ndani yako mpaka leo ni mimi.

Mzee Nalinga unamkumbuka. Mrefu, mwenye chale mashavuni, mtu wa huko huko kusini, alikuwa amepanga chumba cha mwisho nyumba ya pili kutoka hapa. Mchana alikuwa mchukuzi sokoni, anabeba magunia ya viazi na vitunguu. Jioni alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, kile tulichokiita ngumbaru, chini ya taa ya karabai kwenye ukumbi wa shule. Wewe alikuwa akikuwekea vipande vya chaki vilivyobaki, ukachora kuta zote za uani mpaka nikakuchapa. Mimi alinipokea nina miaka thelathini na minne na sijui hata kushika penseli. Alinishika mkono, mkono wake mkubwa umejaa sugu za kubeba mizigo, akaniburutia herufi ya kwanza. Nikaona aibu, nikataka kukimbia. Akasema, "Bi Mwajuma, hii ni M. Ndiyo mlango wa jina lako. Ukishaingia mlangoni, humo ndani ni kwako." Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa.

Miaka ile ndiyo ilikuwa ya kilimo cha kufa na kupona. Unga uliopatikana ulikuwa wa yanga, ule wa manjano, na wenyewe kwa foleni. Mahindi yalipandwa hata kando ya barabara. Sisi wa shina letu, nyumba kumi chini ya Balozi Sefu, tulipewa kipande bondeni Msimbazi. Tukachimba bwawa kwa majembe na makarai kila Jumapili, wanaume kwa wanawake, mpaka kina kikafika kifuani. Bwana mmoja wa idara ya samaki akatuletea vifaranga vya perege kwenye madebe. Kambale walikuja wenyewe, mto ulipofurika. Tukakubaliana kwamba hakuna kuvua mpaka perege wafike ukubwa wa kiganja, halafu tuvue siku moja, nyumba zote kumi zigawiwe sawa. Watoto mlikuwa mnakwenda kuwatazama kila mkitoka shule.

Majani niliyaleta mimi. Sijui jina lake la kitaalamu, wewe labda unalijua, sisi hapa nyumbani tumezoea kuyaita majani ya bata. Niliyaona kwenye dimbwi upande wa juu wa bonde, yametandaza kijani kibichi juu ya maji, kila moja dogo kuliko punje ya choroko, na bata wa mtu wanayagombania. Baba yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kilichobaki cha kututegemeza ni bata saba na meza yangu ya mchicha sokoni, na pumba za kuwalisha hao bata zilikuwa hazionekani. Nikachota nusu kopo, nikamwaga kwenye bwawa letu. Baada ya wiki mbili kona nzima ilikuwa kijani. Nikawa nachota kwa kifumbu changu cha kuchujia tui, nawapelekea bata kwenye banda lao palepale bondeni. Wakaanza kutaga kila siku, mayai yenye viini vyekundu, na perege nao walikuwa wanayadonoa.

Balozi Sefu akanisimamisha mkutanoni. "Ndugu zangu, mtazameni Bi Mwajuma," akasema. "Huyu mama analima bila jembe." Wakanipigia makofi, wakanichagua niwe katibu wa bwawa, mimi niliyekuwa ndiyo kwanza najua kuandika jina langu. Sikuwa nimewahi kupigiwa makofi maishani, Zuhura. Usicheke. Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara.

Nikataka zaidi. Nikaona samadi ya bata inayakuza yale majani upesi, nikawa naimwaga majini alfajiri, debe kwa debe, bila kumwambia mtu. Tulikuwa tumekubaliana mambo yote ya bwawa yaamuliwe na kikundi, na katibu wa kikundi ndiye mimi. Majani yakaacha kona, yakashika nusu, yakashika bwawa lote. Nilikuwa nikilitazama naona zulia, naona watu wakija kunipongeza.

Jumapili moja Mzee Nalinga akachutama ukingoni, akatia fimbo, akaitoa imefunikwa kijani mpaka juu.

"Bi Mwajuma, haya maji yamefunikwa kama sufuria. Punguza. Samaki naye anataka hewa."

"Mzee, hiki ni chakula chao. Mtu anakufa kwa chakula?"

"Anakufa, kikimfunika," akasema.

Nikamcheka mbele ya watu. Nikasema mwalimu wa herufi amekuwa sasa mwalimu wa samaki. Watu wakacheka pamoja nami, na yeye akatabasamu, akafuta fimbo yake kwenye nyasi.

Siku nne baadaye, Alhamisi, joto lilikuwa kali, mawingu yameshuka na upepo hakuna. Nilikutuma bondeni ukachume mchicha. Ukarudi umeloa miguu, ukaniambia, "Mama, mwalimu yuko ndani ya bwawa, anaburuta gunia." Nikakujibu labda anaoga. Hilo ndilo uliloliona, na ndilo ulilolisema, na ulisema kweli. Nataka uishike hiyo hapo ulipo, usiiachie mpaka mwisho wa barua.

Asubuhi yake nilifika bondeni wa kwanza, kama kawaida yangu. Perege walikuwa wamelala ubavu, matumbo meupe katikati ya ule ukijani, wengi hata sikuthubutu kuwahesabu. Kambale walikuwa hai. Niliwaona kwa macho yangu wakipandisha midomo yao juu na kuzama tena. Katikati ya bwawa palikuwa na nafasi ya maji meupe, upana wa mkeka, na humo perege wachache walikuwa bado wanatweta. Na kando, juu ya nyasi, palikuwa na lundo la majani yangu yamelowa, limenifika magotini, na gunia lake limeanikwa juu. Mzee alikuwa ametumia jioni nzima kuyaopoa, peke yake. Alikuwa anawafungulia samaki mlango, giza likamwahi.

Nilielewa palepale. Nimejaribu miaka yote kujiambia kwamba sikuelewa, lakini nilielewa. Nikalitoa lile gunia, nikalikunja, nikaliweka pembeni. Nikazoa lundo lote kwenye karai, safari nne mpaka bandani. Nilikuwa najisemea kwamba sitaki chakula kiharibike. Bata walikula kama wamelaaniwa, na jua lilipopanda hapakuwa na hata jani moja juu ya nyasi. Ndipo nikapiga kelele kuwaita watu.

Jioni ulikuwa mkutano. Hakuna aliyethubutu kula wale samaki, tuliwafukia, na watoto wakawa wanalia kwenye mashimo, maana walikuwa wamengoja mwaka mzima. Watu walikuwa na hasira inayotafuta pa kutua. Sijui nani alitamka kwanza lile neno. Utupa. Halafu mwingine akauliza, "Hapa petu nani anatoka kwenye utupa?" Kila mtu alijua ni nani.

Balozi Sefu akakuita. "Binti, usiogope. Jana ulimwona nani bwawani?"

Ukasimama na sare yako ya shule. "Nilimwona mwalimu. Alikuwa kwenye maji na gunia."

Mzee Nalinga hakukukasirikia. Akasema, "Mtoto amesema kweli. Nilikuwa nakusanya majani, yamezidi. Nimeyaweka kando ya bwawa. Na tena, ndugu zangu, ningetia utupa, kambale wangepona? Utupa hauchagui samaki."

"Hayo majani yako wapi?" mtu akauliza. Vijana wawili walikuwa wameshakagua ukingo wote. Hapana kitu, wakasema, gunia tupu tu.

Mzee akanigeukia mimi. Hakuwa na wasiwasi, Zuhura. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, alinigeukia kama mtu aliyeweka akiba yake mahali salama. "Bi Mwajuma ndiye aliyefika wa kwanza," akasema. "Muulizeni yeye."

Wakanitazama wote. Wewe pia ulinitazama, umerudi umekaa miguuni pangu na kushika khanga yangu. Nikawaza bata. Nikawaza kwamba wakijua ni majani watayateketeza majani na bata pamoja, na ukatibu, na yale makofi. Nikasema, "Mimi sikuona majani yoyote."

Maneno manne. Niliyasema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Hawakumpiga, nashukuru kwa hilo. Walimtoa kwenye kikundi, wakampa mtu mwingine tuta lake la mboga, wakasema hafai kufundisha watu wazima. Sokoni wachukuzi wenzake wakaacha kula naye. Mwenye nyumba akamwambia anahitaji chumba. Na wewe ukaniuliza nyumbani, "Mama, kwa nini mwalimu aliua samaki wetu?" Nikakuambia watu wa kule ndivyo walivyo. Hilo sikulazimishwa na mkutano wala na mtu yeyote. Hilo nilikupa mwenyewe, jikoni, nakupakulia ugali.

Ungeweza kusema labda sikuwa na hakika. Hata mimi nilitaka nipate hiyo nafuu. Kwa hiyo wiki ile ile nilichukua makarai mawili, nikayajaza maji ya bwawa, nikatia perege watatu watatu waliosalia. Moja nililiacha wazi. Jingine nililifunika majani mazito, na samadi kidogo nikatia, kama nilivyokuwa nikifanya. Asubuhi ya pili wale wa karai la wazi walikuwa wanaogelea. Wa karai lililofunikwa walikuwa wamekufa wote watatu. Nikayamwaga makarai yote mawili mtaroni, nikayaosha. Mzee Nalinga alikuwa bado yupo mjini, nyumba ya pili kutoka hapa. Ningetembea hatua ishirini.

Siku aliyoondoka alipita kwetu. Alikuwa na mkeka umekunjwa, kisanduku cha bati, na daftari langu la ngumbaru mkononi. Nilikuwa nimeandika insha kabla ya mambo yote hayo, mistari sita kuhusu bata wangu, na yeye alikuwa amebaki nayo. Alikuwa ameisahihisha kwa penseli nyekundu. Nikamwamkia. Akaitikia, akanipa daftari, akasema, "Herufi zako zimenyooka sasa. Usiache." Akaenda zake kituoni. Nilisimama mlangoni na daftari, na nilikuwa na nafasi ya kumwita mpaka alipokata kona.

Majani sikuyachukia, ungedhani ningeyachukia. Nilianza kuyasoma. Unayaona haya mapipa mawili yaliyokatwa hapa uani, umekua nayo, umeyachoka, lakini hukuwahi kuuliza kwa nini kila baada ya siku mbili nachota nusu na kuacha nusu hata kama bata wameshiba. Sasa unajua. Ukiyaacha yajaze, yanaziba mwanga na hewa, ya chini yanaoza, maji yanakufa. Ukiyachota mno yanashindwa kurudi. Nusu, kila mara nusu. Katika siku mbili tatu za jua hiyo nusu inakuwa imekamilika tena, kwa maji ya kuoshea mchele na samadi kidogo sana. Sijaona mmea mwingine unaokulipa upesi hivyo na hautaki shamba. Hautaki maji yanayokimbia, wala mawimbi. Unataka kutulia.

Kuna yule Bwana Samaki, mtaalamu wa idara, aliyekuwa akinunua mayai kwangu sokoni wewe ukiwa kidato cha pili. Siku moja alikuja hapa na kioo chake cha kukuzia. Akaweka kijani kimoja, jani moja dogo tu, kwenye ukucha wangu, akasema tazama. Hakina shina. Kipo kama ulimi mdogo, na chini kinaning'iniza mzizi mmoja mwembamba kuliko unywele. Ubavuni kina kifuko, na ndani ya kifuko kijani kingine kinachomoza. Wao wanaita mama na binti, akaniambia, na maua huyaoni ila kwa nadra. Binti anakaa ameshikana na mama kwa uzi, na kabla hajaachia, yeye mwenyewe ameshaanza kuchomoza wa kwake. Kisha uzi unakatika, kila mmoja anaelea na mzizi wake. Akaniambia pia yakikaushwa kivulini yana nguvu ya kujenga mwili karibu na ya maharage, na kwamba ziko nchi za mashariki ya mbali ambako hata watu hula majani ya jamii hiyo. Na yanasafisha maji machafu, kwa sababu yananyonya kila kilichomo. Hapo akanionya. Yananyonya kizuri na kibaya, kwa hiyo usimlishe mnyama majani yaliyotoka mtaro wa gereji. Nilikuwa nimeshajifunza hilo mwenyewe, kwa bata wawili waliokufa.

Nikamuuliza, kama jambo la kupita tu, "Bwana Samaki, bwawa likikutwa perege wamekufa na kambale wako hai, ni sumu?"

Akacheka. "Mama, kambale ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu. Perege hana. Hiyo si sumu, ni kukosa pumzi." Akauliza kwa nini nauliza. Nikasema nilisikia hadithi.

Kwa hiyo nimebeba ushahidi mara tatu: wa lundo, wa makarai, na wa mtaalamu. Mara zote tatu nilikaa kimya. Nimejiuliza kwa nini ilikuwa rahisi mno. Naona ni kwamba sikusema uongo mkubwa wa kutunga. Nililala tu juu ya jambo ambalo watu walikuwa wameshalitaka. Walitaka mgeni, wakamwona, na mimi kazi yangu ilikuwa kutomkinga. Utakutana na hali hiyo vijijini, na utakuwa na cheo, na watakusikiliza kwa sababu umesoma. Siwezi kukuambia ufanye nini. Nakuambia tu nilivyofanya mimi, na kwamba haikunichukua hata dakika moja.

Ulipocheka pale barazani Jumatatu, nilikumbuka kile kijani kwenye ukucha wangu. Bwana Samaki alisema kila binti ni mama yuleyule tena, hakuna kilichobadilika ndani yake. Nikaogopa. Wewe si hivyo, wewe una akili yako na baba yako yumo ndani yako. Lakini lile neno lilichomoza ubavuni kwangu, na kesho linapanda basi linakwenda Masasi, kwa watu utakaowapimia mashamba na kuwafundisha ufugaji. Sitaki lifike huko.

Sasa sikiliza kinachofuata. Yule mchukuzi wa pale lango la vitunguu anatoka hukohuko Masasi. Nilimuuliza mwaka huu, kwa mara ya kwanza nikalitaja jina la mzee. Mzee Nalinga yu hai. Yuko kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka utakakokaa, wote wanamjua. Anaishi na mjukuu wake. Macho yamefifia. Hafundishi, lakini watu humpelekea barua awaandikie, yaani anasema na mjukuu anaandika. Mchukuzi akasema mpaka leo yule mzee hagusi bwawa la kijiji. Wakichimba, anakaa mbali. Wanadhani ni uzee.

Nimeweka kwenye begi lako kichupa cha jamu chenye maji na majani, nimetoboa kifuniko. Kiweke kivulini ndani ya basi, utafika nayo hai, yana roho ngumu. Hicho ni cha kazi yako. Barua hii ni yake pia, pamoja na wewe. Utakapokuwa umepumzika, umejua njia, nenda kwake. Mwamkie kwa heshima zote. Mwambie wewe ni Zuhura wa vipande vya chaki, kisha msomee hii yote kwa sauti. Usiruke pale niliposema sikuona majani yoyote. Usiruke jikoni nilipokuwa napakua ugali. Kama mjukuu yupo, asikie. Kama kuna majirani, wakae.

Nami huku sitakaa kusubiri habari zako. Jumapili shina letu lina mkutano, Balozi Sefu yuko, amezeeka lakini kumbukumbu anayo, na wengi wa zile nyumba kumi bado wapo. Nitasimama nilipopigiwa makofi. Ndiyo maana nimetaka wewe usikie kwanza kutoka kwangu, si kwa barua ya shangazi yako wa Magomeni. Sijui watanifanya nini. Labda hawatafanya kitu, watasema ni zamani, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Meza ya sokoni wanaweza kuisusa. Wanaweza kuniambia niwatoe bata. Nina miaka arobaini na saba, nitaanza upya, nilishawahi kuanza na herufi ya M.

Ukiona hasira, kaa nayo, usijilazimishe kunijibu. Ukiona huwezi kurudi likizo ya kwanza, nitaelewa, ingawa nitakwenda kituoni kutazama basi. Nakupenda kuliko jina langu, na hilo jina ndilo nililolilinda siku ile, kwa hiyo naelewa nikisema nakupenda huenda usiniamini mara moja. Na lile uliloliona ukiwa na miaka tisa lilikuwa kweli. Mtoto hukuwa na kosa. Ulimwona mtu ndani ya maji na gunia, na alikuwa anaokoa samaki wako.

Nasikia adhana, na mlango wa mbele umelia, umerudi. Nakusikia unavua viatu ukumbini, hatimaye.

Ukimaliza kumsomea, mpe karatasi aishike. Mwambie Mwajuma hakuacha, kama alivyomwagiza. Muulize kama mjukuu ana penseli nyekundu, kisha mketi chini, umsomee tena taratibu, mstari kwa mstari, na kila atakaposema hapa pana kosa, weka alama. Kisha unirudishie.

Mama yako,
Mwajuma